Na msitu wa jirani mliupima?

Shikamooni wazee wangu. Vijana poleni na safari, najua wengine mmetoka Kilwa huko ndani na barabara zetu mnazijua mvua ikinyesha. Nimeombwa niongee kuhusu vyeti vya misitu na kama kweli vinasaidia mazingira, nlikuwa nimeandika karatasi ndefu nikaona niiweke tu pembeni niongee kama tunavyoongeaga porini. Hii mnayosoma ndo niliyosema, nimeinyoosha kidogo sehemu ambazo maneno yaligongana.

Nianze na bibi mmoja. Tulikuwa tunapita kwenye kijiji chao kwenda kijiji cha pili kupima, mi nina tepu shingoni, mwenzangu kabeba kamba na ndoo ya rangi, bibi yuko barazani anapepeta ufuta. Akaniita. "Mwanangu, kila mwaka mnapita hapa mnaenda kupima msitu wa wenzetu. Huu wetu mnaupima lini?" Nikamwambia bibi, msitu wenu hauna cheti kwa hiyo haumo kwenye programu. Akasema haya, nendeni salama, akaendelea na ungo wake. Sasa mimi nimetembea na lile swali mpaka leo manake nilipokuja kukaa chini nikagundua yule bibi kauliza swali kubwa kuliko yote tunayoulizana kwenye semina zetu, na hotuba yangu ya leo ni hilo tu, sina lingine.

Kwa wale wapya tuelewane kwanza. Cheti ninachokiongelea ni cha FSC, lile baraza la kimataifa lililoanzishwa 1993, mwaka mmoja baada ya mkutano mkubwa wa Rio ambapo nchi zilishindwa kukubaliana mkataba wa misitu wenye nguvu ya sheria. Wazo lilikuwa hili, kama serikali zimeshindwa basi mnunuzi ndo awe na nguvu, anayenunua meza Ulaya aweze kujua mbao zimetoka kwenye msitu unaotunzwa. Kwetu cheti kilifika Kilwa 2009, vijiji vikapata cheti cha pamoja kupitia shirika la MCDI, wale waliokuwa wanaitwa Mradi wa Mpingo, na ikawa mara ya kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanavijiji wenyewe kupata cheti cha FSC. Kikole na Kisangi ndo walitangulia, wengine wakafuata, Nanjirinji A peke yake wana msitu wa zaidi ya hekta 60,000. Hili ni jambo la kujivunia na mi najivunia, na nyie kamati za maliasili mliokaa hapa mbele mjivunie, mmelala porini na simba kwa ajili ya hii kazi.

Lakini cheti kinapokaguliwa kinakaguliwa nini? Mkaguzi akija anaangalia mpango wa usimamizi upo, kitabu cha uvunaji kimejazwa, nyundo ya kugongea alama kwenye magogo iko kwa nani, miti iliyovunwa imefika kipenyo kinachoruhusiwa, wavunaji wana vifaa vya usalama, mikutano ya kijiji imefanyika na mihutasari ipo. Vyote muhimu, sivibezi hata kimoja. Ila hivyo ni vipimo vya kazi yetu sisi watu. Msitu wenyewe, mti mmoja mmoja, mche, ndege, udongo, mto unaotoka humo, hapo kitabu cha uvunaji hakikusaidii, inabidi uingie ndani na kamba.

Na hata ukiingia na kamba bado hujamaliza, hapa ndo pagumu, naomba tuende taratibu.

Watu wa korosho mtanielewa haraka. Mtu ana mikorosho iliyo nyuma ya nyumba, ile anayoipalilia kila siku, anaipogolea, mbuzi hawaigusi. Mwaka huu kanunua dawa ya salfa kidogo kaipulizia hiyo hiyo ya nyuma ya nyumba, ile ya kule bondeni kaiacha. Msimu wa kuvuna mikorosho ya nyuma imezaa gunia, ya bondeni imezaa debe. Anasimama barazani anasema mnaona salfa ilivyofanya kazi! Jamani, salfa inawezekana imefanya kazi kweli, ila mikorosho ile ingezaa vizuri hata bila salfa. Hujui salfa imeongeza ngapi. Kujua, lazima ungekuwa na mikorosho mingine inayotunzwa vile vile isiyopata salfa, na ungekuwa umehesabu mavuno ya msimu uliopita kabla hujapuliza hata punje.

Cheti ni hivyo hivyo. Kijiji kinachoomba cheti mara nyingi ni kijiji ambacho tayari kina uongozi unaoeleweka, kina mwenyekiti anayewasomea watu mapato na matumizi, na kinapotenga msitu wa hifadhi hakitengi pori lililochakaa kando ya barabara, kinatenga lile zuri la ndani. Alafu miaka 10 baadaye tunapima tunasema msitu wenye cheti una miti mingi kuliko usio na cheti. Ndiyo. Lakini ulikuwa na miti mingi tangu lini?

Tuna utafiti mzuri uliofanyika Kilwa kwetu ukatoka 2016 kwenye jarida la kisayansi, walilinganisha misitu ya vijiji yenye cheti, hifadhi ya serikali, na mapori ya wazi yasiyo na mwenyewe. Wakakuta misitu yenye cheti ina aina nyingi zaidi za miti mikubwa na miti imesongamana zaidi kuliko kule kwingine, na matukio ya moto ni machache. Mimi nikiusoma ule utafiti nafurahi, nawajua watu waliolinda ile misitu. Lakini ni picha ya mara moja, imepigwa baada ya cheti, haina picha ya kabla. Siwezi kusimama mbele ya mnunuzi nikamwambia cheti kimeleta yote haya, naweza kusema tu kwamba pale penye cheti hali ni nzuri. Hayo ni mambo mawili tofauti na ndo maana nasema bibi aliuliza swali kubwa, msitu wao ungekuwa umepimwa tangu 2008 leo tungekuwa na jibu.

Wenzetu wa Afrika ya kati wamejaribu kwa njia nyingine na naomba niwape hii manake ni nzuri sana. Gabon na Congo Brazzaville kuna makampuni makubwa ya kuvuna magogo, mengine yana cheti cha FSC mengine hayana. Watafiti wakachukua maeneo 14 ya uvunaji, 7 yenye cheti na 7 yasiyo na cheti, wakafunga kamera 474 zinazopiga zenyewe mnyama akipita, wakapata picha karibu milioni 1.3 na aina 55 za wanyama wanaonyonyesha. Matokeo yakatoka 2024. Kwenye maeneo yenye cheti wanyama walionekana mara 1.5 zaidi, na wale wakubwa wa zaidi ya kilo 100, tembo wa msituni, sokwe wale wakubwa wanaoitwa gorila, mara 2.7 zaidi. Mara 2.7! Na kinachonifurahisha zaidi ni kwamba sababu zinaeleweka, sio muujiza wa karatasi. Kampuni yenye cheti inatakiwa kuzifunga barabara za zamani za magogo ikishamaliza kuvuna, inaweka geti na kukagua magari, inazuia dereva kubeba nyama ya pori, na inawapa wafanyakazi nyama nyingine ya kula ili wasiingie msituni na bunduki. Barabara ndo adui mkubwa wa mnyama, msumeno wenyewe unafuata. Kwa hiyo unaweza kufuata mnyororo wote, cheti kimedai geti, geti limezuia bunduki, mnyama amebaki. Hata pale nao hawakuwa na kamera kabla ya cheti, ila walilinganisha maeneo yanayofanana na wakazingatia umbali wa vijiji na barabara, na huo mnyororo ukiuona unakupa moyo wa kuamini.

Sasa msiondoke hapa mkidhani kila mahali ni hivyo. Kalimantan kule Indonesia waliangalia miaka ya 2000 mpaka 2008 wakakuta cheti kimepunguza upotevu wa msitu kwa pointi 5 za asilimia hivi, lakini hapo hapo matundu ndani ya msitu yakaongezeka kidogo, yani ukingo umebaki salama ila katikati pametobolewa. Watu wengine kule kule Kalimantan wakapima hewa ya ukaa inayotoka kwa kukata na kuburuta magogo, wakakuta kwa jumla wenye cheti hawana nafuu kuliko wasio nacho. Mexico walipima kwa uangalifu mkubwa, kabla na baada, wenye cheti na wasio nacho, hawakuona tofauti yoyote ya maana kwenye ukataji wa msitu. Na mimi sioni aibu kusema hivyo mbele ya watu wenye cheti. Mexico wanaochukua cheti ni jamii ambazo zilikuwa zinatunza misitu yao siku nyingi, kwa hiyo cheti kimewakuta wameshafika. Ndo mikorosho ya nyuma ya nyumba.

Kuna vijana hapa wa chuo nimewasikia wakati wa chai, mbona tusitumie setilaiti tu, picha za bure, kaa ofisini unahesabu. Kaka zangu, setilaiti mi naipenda na naitumia. Landsat inatupa picha toka miaka ya sabini, hiyo ndo "kabla" ambayo hakuna mtu wa kuifanya kwa kamba. Shida ni kwamba kijisehemu kimoja cha picha yake ya siku hizi ni mita 30 kwa 30. Mpingo ni mti mfupi, umepinda, uko chini ya mitondoro na mikongo, ukikatwa mmoja ukabebwa usiku kule juu hakuna kinachobadilika, setilaiti inaona kijani kile kile. Msitu unaweza kuibiwa mipingo yote na mininga yote na ramani ikasema asilimia 100 msitu upo. Alafu miombo yetu inapukutisha majani kiangazi, ukichukua picha ya mwezi wa 9 mwaka huu na ya mwezi wa 4 mwaka ule utalia kwamba pori lote limefyekwa kumbe linasubiri mvua.

Kwa hiyo mguu lazima ufike. Na mguu ukifika nao una mitego yake, hii nawaambia kwa yaliyotukuta sisi wenyewe. Tulipewa kazi ya kuhesabu visiki, wazo likiwa visiki vingi ni wizi mwingi. Tukapiga mkuza wetu, yani njia iliyonyooka ya kuhesabia, tukahesabu, wiki mbili tumechanika na miiba, tukapata visiki vya mpingo vingi kupita maelezo ndani ya msitu uliokuwa unalindwa vizuri. Kamati ya kijiji wakashtuka, wengine wakaanza kutazamana vibaya, nani kauza. Mzee mmoja wa kamati akachuchumaa kwenye kisiki akakigonga kwa mgongo wa panga, kikalia ngaa kama chuma. Akatuambia tuangalie ile nyama nyeupe ya nje ya mti, haipo, mchwa wameshaila yote, umebaki moyo mweusi peke yake, na moyo wa mpingo mchwa hawauli wala hauozi upesi. Hiki kisiki ni cha zamani, wakati ule daraja la Mkapa la mto Rufiji limefunguliwa. Tukarudi tukaviangalia tena, kweli, vingi vilikuwa vya wakati ule. Tulikuwa tunahesabu wizi wa miaka ya nyuma tunaubebesha watu wanaolinda leo. Kuanzia siku ile kila kisiki tunaandika, kina nyama nyeupe au hakina, kuna machicha ya msumeno au hakuna, kimechipua au la. Fomu niliyopewa haikuwa na hiyo safu, tumeichora kwa kalamu.

Na hilo la daraja nalo ni somo. Daraja la Rufiji lilipofunguliwa 2003 magari yakapita bila kivuko, magogo ya kusini yakaenda usiku na mchana, ripoti ya 2007 ya TRAFFIC, shirika linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea ya porini, ikaonyesha serikali na halmashauri zilikuwa zinapoteza sehemu kubwa mno ya mapato halali ya misitu. Sasa ukianza kuhesabu pale msitu ulipokuwa umepigwa vibaya kuliko wakati wote, basi chochote kitakachofuata kitaonekana nafuu, na cheti cha 2009 kitapewa sifa ambayo nyingine ni ya wafanyabiashara tu kumaliza miti mizuri ya karibu na barabara wakaondoka. Mwaka wa kuanzia kuhesabu sio jambo la karani, kaeni mliamue kwa makini.

Moto sasa. Kama kuna kitu kimoja ningewaomba mpime kuliko vyote ni moto, kwa sababu kusini kwetu moto unaharibu kuliko shoka. Mpingo mkubwa unaustahimili kiasi, lakini moto wa mwezi wa 10, majani yamekauka yote, upepo, unaingia kwenye shina unaacha kidonda, kidonda kinakuwa uwazi, na mvunaji akija baada ya miaka anagonga anasikia tupu, ule mti haumfai mtengeneza klarineti wala mchongaji. Na miche yote inaondoka. Ndo maana vijiji vinachoma mapema, mwezi wa 5, wa 6, nyasi bado zina unyevu, moto unatambaa polepole unaishia kwenye njia. Sasa angalia mtego. Setilaiti inayohesabu moto inaona pameungua. Kijiji chenye cheti kimechoma mapema hekta elfu kadhaa kwa makusudi, jirani yake kaunguziwa hekta hizo hizo mwezi wa 10, kwenye ramani wako sawa, au yule aliyechoma kwa akili anaonekana mharibifu! Hapa lazima uandike tarehe, na lazima upige magoti uhesabu miche baada ya mvua. Mti huu unachukua miaka 70 mpaka 100 kufikia kuvunwa, cheti kina miaka michache tu, huwezi kuona athari yake kwenye miti mikubwa, miti mikubwa ya leo ilipandwa na Mungu kabla babu yangu hajazaliwa. Athari ya cheti iko kwenye vimche vya gotini. Na fomu nyingi nilizoziona zinaanzia sentimita 5 au 10 za kipenyo, yani zinaruka hapo hapo penye jibu.

Nirudi kwa bibi, manake kuna kitu sijakisema. Ukifukuza nyani shambani kwako kwa fujo nyani hafi, anahamia kwa jirani. Tukiimarisha doria Kisangi yule mwenye msumeno hajaacha kazi, kaenda pale ambapo hakuna kamati, hakuna nyundo, hakuna anayelipwa posho ya doria. Mkulima wa ufuta aliyezuiliwa kufyeka hapa atafyeka pale. Kwa hiyo msitu usio na cheti unapopungua, na wenye cheti unapobaki, tofauti inayoonekana inakuwa kubwa na sisi tunapiga makofi, kumbe sehemu ya tofauti hiyo ni miti ile ile imekatwa kilomita 10 mbele. Sisemi imetokea kila mahali. Nasema bila kuupima msitu wa akina bibi hatutajua kamwe, na wao ndo watakaobeba gharama wakati sisi tunabeba sifa.

Naombeni basi wenye maamuzi mliopo, wa wilaya, wa mashirika, kijiji kikionyesha nia tu ya cheti, kabla ya semina ya kwanza, ploti ziwekwe, yani vipande vya msitu vya kupimia. Ziwe za kudumu, pembe zake zina vyuma ardhini sio rangi peke yake kwa sababu rangi moto unaila. Nusu ya ploti ziwe ndani, nusu kwenye kijiji kinachofanana ambacho hakiombi cheti, udongo ule ule, umbali ule ule na barabara. Na watu wa kijiji kile walipwe posho sawa sawa na hawa, wasifanywe wapita njia kwenye pori lao. Mtaniambia hela haipo. Chini ya Sheria ya Misitu ya 2002 kijiji kinauza mti kwenye msitu wake kinabaki na mapato yake, mimi naona hata sehemu ndogo ya hayo ikienda kwenye kipimo sio hasara, na mashirika yanayolipia ukaguzi wa cheti kila mwaka yanaweza kulipia siku nne za kamba kwa jirani. Makaratasi ya matokeo yabandikwe ofisi za vijiji vyote viwili, kwa Kiswahili, hata yakiwa mabaya. Hasa yakiwa mabaya.

Mimi mwezi wa 6 naenda kule kwa bibi. Nimeshaongea na mwenyekiti wao, kakubali, tunaanza na ploti 12. Tepu ninazo mbili, kamba ya mita 50 ipo, fimbo ya mita 1.3 ya kuonyesha pa kupimia kipenyo tutakata huko huko, vyuma vya pembeni bado vinapungua 20. Nahitaji watu wanne wanaoijua miti kama mkuruti na pangapanga kwa majani, sio kwa kitabu, na mmoja wa chuo wa kuandika. Niko hapa nje chini ya mwembe mpaka saa 10.